Jina Chini ya Rangi

Nilikwenda kwa Nyamizi kuikomboa pasi,
pasi ya shemeji, iliyolala rehani tangu msimu wa tumbaku.
Duka liko Kanyenye, nyuma ya mashine ya kukoboa:
mlango mmoja, mizani ya asali,
na daftari nene kama tofali.
"Mali bila daftari," huanza yeye,
na mteja hakaribishwi kiti mpaka amalizie.

Juu ya runinga tatu za kichogo,
kati ya godoro lililofungwa kamba na baiskeli isiyo na mnyororo,
limening'inia gitaa la umeme.
Nyuzi nne. Mbili zimekwenda zilikokwenda.
Rangi nyekundu, ile ya milango ya mabehewa,
imebanduka kichwani kama ganda la muhogo,
na chini yake, herufi za shaba:
TOLVENA.

Nimefungua redio za kila ukoo,
za Kijapani, za Kiholanzi, za Kichina zenye majina ya kuazima.
Huyu simjui baba yake wala mjomba.
"La Ulaya," akasema Nyamizi.
Ulaya ipi?
"Ile ya mbali."
Kijana mmoja aliyekuja kuweka saa
akapapasa simu yake, akatafuta, akatafuta,
akasema, "Hakuna kitu hicho."
Kipo, nikasema. Kimening'inia hapo.

Nikaomba bisibisi.
Mwingine angelivaa begani, ajitazame kwenye kioo cha kabati.
Mimi sijui kupiga hata sufuria.
Mimi nafungua.

Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne ni msumari wa kiatu.

Msumari wa kiatu!
Mkono ulijua kabla ya jicho.

Ndani: vumbi, ganda la yai la mjusi,
koili mbili zimekumbatiana kwa kutu,
na pale waya unapogusa bati
donge la lehemu, la kijivu,
nono kama kupe aliyeshiba.
Kazi ya nani hii, ya aibu namna hii?
Yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita,
mpepea mkaa kwa fundi Kasigwa, kule Ng'ambo;
chuma cha kulehemu tulikipasha jikoni, pamoja na chai.
Akaja Mlekwa wa bendi ya hoteli,
gitaa jekundu kalivika kanga,
limekufa katikati ya harusi ya watu.
Fundi yuko msibani. Nikasema, naweza.
Nilimwaga risasi kama uji.
Skrubu moja ikazama katika ufa wa sakafu,
nikang'oa msumari kwenye katambuga yangu.
Likalia.
Akanipa nusu ya ujira:
"Nyingine Jumamosi, likidumu."

Jumamosi hakuja.
Wala iliyofuata.
Basi nikajua halikudumu.
Miaka ishirini na saba nimejua hivyo,
na kila redio niliyoifunga tangu siku ile
nimeigonga mara tatu, nikaisikiliza,
nikaigonga tena, wateja wakinicheka.

Nani aliliweka?
Kidole cha Nyamizi kikashuka daftarini.
"Mjane. Elfu arobaini, nauli ya kwenda kwa mwanawe Urambo.
Alisema marehemu alilipiga hadi mwaka wa mwisho.
Kamba alibadili. Rangi alibadili.
Ndani, alisema, hakugusa mtu."

Sikujibu. Nilikaza msumari.

Alitaka tisini, tukaachana kwenye sabini na tano,
pesa ya pasi yote, na ya mafuta ya kula.
Shemeji leo kaenda kazini na shati la makunyanzi,
na dada hajanisemesha.

Usiku nimeliunganisha na redio ya mteja.
Nimeugusa uzi mnene kwa kidole gumba.
Ukanguruma hadi vijiko vikatikisika mezani,
jirani akagonga ukuta.

Limelia, ndiyo.
Lakini leo ni Jumatano tu.