Baki

Saa tano asubuhi, Mtaa wa Mchikichi,
Bi Siwema akatua boksi juu ya meza yangu:
kompyuta ya rangi ya meno ya mnywa kahawa.
"Ilikuwa na mluzi," akasema. "Imenuna."

Nikafungua. Ndani bado mna vumbi la pamba,
pamba ya kiwandani, enzi za mshahara wa bahasha.
Chipu ya sauti nzima. Kristali ndiyo imekufa,
kibati kama mbegu ya tikiti
kinachotakiwa kutetemeka kila sekunde
milioni tatu, laki tano,
sabini na tisa elfu, mia tano arobaini na tano,
pasipo kuuliza ni saa ngapi.

Kariakoo nzima hakuna.
Nikang'oa ya televisheni mbovu, hizi zetu za huku,
milioni nne na ushee,
nikachomelea, nikawasha.
Wimbo ukatoka mbio, sauti juu,
watoto wa chekechea wamesikia kengele ya uji.
Bi Siwema akacheka. Akaacha.
"Huyo siyo Mbonea."

Mbonea, karani wa mishahara, aliutunga
usiku wa kufunga mwezi, printa ikikoroma,
noti moja moja, kwa kugawanya tu.
Maana chipu haijui kuimba:
inahesabu, inafika sifuri, inaanza tena.

Nikamwambia, naweza kubadili namba,
kristali ikabaki hii hii.
Tena nitamnyooshea: noti yake ya juu kabisa
ilitaka sitini na tatu na nusu,
chipu haipokei nusu,
akaandika sitini na tatu, ikapanda, inachoma kidogo.

Akanitazama
kama niliyetaka kuziba mwanya wa mtu.
"Hiyo nusu tuliicheka mwaka mzima.
Usiiguse."

Wiki ya tatu, Gerezani, kwenye vyuma chakavu,
mchezo wa runinga wa Kimarekani, umekanyagwa na lori,
ndani yake mbegu nzima.

Umeme ulirudi saa kumi kasorobo.
Nikawasha.
Alisikiliza amesimama, mkoba kwapani,
na kabla ya noti ile ya juu
akainua bega moja,
akaisubiri.

Nilimtajia elfu kumi na tano na mia tano.
Akatoa kumi na sita.
Chenji, akasema, baki nayo.