Mbembeo wa Ishirini

Mchungaji amelitaja jina langu kanisani,
Tusekile wa Mwakibinga, divisheni wani,
na akina mama wakapiga vigelegele
hadi njiwa wakaruka kutoka darini.
Baba akachinja jogoo aliyemtunza kwa ajili ya Krismasi.
Firigisi nikapewa mimi, msichana,
babu akitazama pembeni.

Sikuwaambia.
Hapa Isyonje saba ni zaidi ya tatu:
magunia saba, ng'ombe saba, watoto saba.
Nitaanzaje kumweleza mama
kwamba kule ninakoomba kusomea udaktari
mwenye pointi tatu ndiye tajiri,
na mwenye saba anasimama mlangoni
akipuliza vidole?

Baiolojia, A. Kemia, B.
Kisha Fizikia, D:
herufi yenye mgongo ulionyooka na tumbo mbele
kama bwana shamba aliyeshiba.
Niliitazama kwa mwanga wa simu
mpaka chaji ikaisha,
nayo ikabaki pale gizani, imekaa.

Naijua ilikozaliwa.
Ilikuwa Mei, asubuhi ya praktiko,
ukungu umeingia maabara
kama mtahiniwa aliyechelewa.
Kipande cha chuma kwenye uzi.
Hesabu mara ishirini, andika sekunde.
Miaka miwili tuligombea uzi mmoja watu sita;
siku ile nikapewa wangu peke yangu
na vidole havikuamini.
Kumi na saba, kumi na nane,
mtu akakohoa nyuma yangu,
hii ni ya kumi na tisa, au ilishapita?
Niliandika ishirini.
Nilijua, wino haujakauka,
kwamba kuna mbembeo mmoja nimeuacha hewani.
Bado unabembea.

Najua pia kwamba D haitoki kwenye mbembeo mmoja.
Kulikuwa na karatasi mbili nyingine.
Kulikuwa na mwalimu aliyehamishwa mwezi wa pili
na kiti chake kikaachiwa vumbi la chaki.
Lakini moyo ni mvivu,
unataka kitu kimoja tu cha kulaumu,
chepesi, kinachoning'inia.

Mwalimu Kyando alinisaidia kujaza maombi.
"Sifa unazo, Tuse," alisema,
kisha akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.
"Ila sifa wanazo wengi. Viti ni vya kuhesabu."
La kwanza nikaandika udaktari.
La pili, uuguzi.
La tatu nililijaza nikitazama dirishani,
hata leo ukiniuliza nitababaika.

Orodha inatoka Ijumaa.

Leo ni Jumatano, tuko Uyole sokoni
na viazi vya bondeni.
Usiku tumevichambua, mama na mimi:
vikubwa vya chipsi, vya kati vya nyumbani,
vidogo tumevirudisha kwenye tenga, ni mbegu.
Usinitafutie fumbo hapo.
Vidogo ni mbegu kwa sababu havinunuliki.

Kijana wa lori anapita na daftari,
kalamu sikioni, koti la mtu mnene kuliko yeye.
"Kumi na tisa," anasema, na daftari analifunga.

Mama aliishia darasa la nne.
Hapandishi sauti.
Anaweka kiganja juu ya gunia la kwanza,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Rudia."

Nasubiri kijana acheke.
Nasubiri aseme muda umekwisha,
wekeni kalamu chini.
Lakini anafungua daftari,
anarudi mwanzo wa mstari,
anagusa gunia moja moja,
nami nahesabu naye, midomo nimeifunga,
kumi na saba, kumi na nane,
kuna mtu anakohoa, sigeuki,
kumi na tisa.

"Ishirini," anasema. "Lilikuwa nyuma ya tairi."

Mama anakaza kanga kiunoni.
Anahesabu noti zake mara mbili.