Kijiko cha Fedha

Baridi ile, Kutaisi, umeme ulikuwa hadithi.
Ulikuja saa tisa usiku, ukakatika kabla birika halijachemka,
nasi tulikwenda shule na gogo mojamoja kwapani,
karo ya joto.

Mwalimu Guliko hakuwa na kemikali. Alikuwa na siki
ya zabibu za mwaka mbaya, bilauri nne,
na mita ya kijeshi yenye sindano nyembamba kama unyusi.
"Leteni metali," alisema. "Yoyote mtakayoweza kukwangua."

Kesho yake Murman akaja na shaba mbili,
moja ni bamba pana kama sinia, kalibeba mgongoni kama kobe.
Akazichovya zote, akangoja.
Sindano ikalala.
Akaongeza siki. Ikalala.
"Pacha hawa," mwalimu akasema, "nani amkope nani?
Njaa yao moja, shibe yao moja.
Hapa hatupimi ukubwa, Murman. Tunapima tofauti."

Tsiala alitoa kipande cha zinki, cha mfereji wa paa lao,
hakikuzidi kidole.
Zinki huku, shaba kule, waya kati:
sindano ikashtuka kama mtu aliyeitwa jina,
ikapanda hadi karibu na volti moja, ikatua.
Hakuna aliyesema neno. Kuni zilipasuka ndani ya stovu.

Msumari wa chuma: nusu yake, kwa shida.
Uma wa alumini wa kantini, tuliyemtegemea sana,
akatoa chini ya haki yake.
"Kavaa koti," mwalimu alisema, "ngozi isiyoonekana.
Anacho, ila hafungui mlango."
Kisha kutoka kabatini, ndani ya karatasi ya nta,
utepe wa mwisho wa magnesi:
volti moja na nusu na ushei,
na mapovu, mapovu, utepe ukichemka bila moto,
ukiliwa tukiutazama.
Guliko akauchomoa upesi, akaufuta kwa sketi yake.
"Huyu hutoa kwa pupa. Tumwekee akiba, asituishie."

Nami nilikuwa na kijiko cha fedha.
Cha bibi, mzabibu umechongwa mpini mzima.
Nilikitoa soksini taratibu, nikijua kitaivunja mita,
nikakichovya kando ya shaba ya Murman.
Sindano ikapepesa. Sehemu ya kumi ya volti, labda.
Murman alicheka mpaka akakohoa.

"Fedha na shaba ni majirani," mwalimu akaniambia, bila kucheka.
"Sokoni huyu bwana, yule sufuria.
Ndani ya siki wote wawili wamekuja kupokea,
na wageni wawili wasio na mwenyeji
watakaa wakitazamana hadi asubuhi."
Nikakipeleka kwa zinki. Kikaipita shaba kwa unywele tu.
Nilikitazama kile kipande cha mfereji, kijivu, kimeanza kuwa na vishimo,
kikitoa elektroni zake chini kwa chini, hakuna anayekishukuru.
Kutoa ni moyo, husemwa, si utajiri.
Nilidhani ni maneno ya kuwatuliza maskini.

Saa nane mchana, giza likianza kujikusanya pembeni,
tulizifunga bilauri tatu, mkia wa hii kwa kichwa cha ile,
zinki, shaba, zinki, shaba, zinki, shaba,
tukaunganisha kitaa kilichong'olewa kwenye redio iliyokufa.
Kikawaka. Chekundu, punje ya komamanga.
Wanafunzi kumi na tisa tukakizunguka, viganja mbele,
kana kwamba kinapasha joto.

Jumamosi mama alikichukua kijiko kwenda nacho sokoni.
Mlangoni akakinusa.
"Mbona kinanuka siki?"
"Kilikuwa shuleni," nikasema. "Kilifeli."
Akakifuta kwa ncha ya shali, mara mbili, pale penye mzabibu,
akaenda. Alirudi jioni na unga kilo sita
na nusu chupa ya mafuta ya taa.