Nani Anakukimbiza?

Saa kumi na moja alfajiri, kivuko bado kimelala Nansio,
nafunga raba mafundo mawili mawili,
na msitu unanimeza bila kunitafuna.

Humu njia hazina mwenyewe.
Zilichorwa na nyayo: za ng'ombe waendao majini,
za wanawake wa kuni, za wachumba waliomkwepa baba,
za waliobeba jeneza begani
enzi barabara haijafika upande huu wa kisiwa.
Mimi ni mgeni wao wa juzi tu.
Daktari ndiye aliyenileta. "Sukari kumi na nne," alisema,
akinitazama kama sato aliyeanza kulegea.
"Tembea, Mazigo. Ukiweza, kimbia."

Nilianza kwa aibu, mti hadi mti:
kutoka mvule uliopigwa radi
hadi mkuyu wenye mgongo wa kiboko,
nikisimama, mikono magotini, nikihema,
huku tumbili wakinijadili huko juu
kama baraza la kata lisilo na ajenda.

Sasa mizizi naijua, mingine nimeipa majina.
Mkwe, kwa kuwa hapitwi bila kuinama.
Karani, aliyejilaza katikati ya njia na hana haraka na mtu.
Na ule wa mteremkoni, kushoto,
ulionivunja jino mwezi wa tatu,
huo sijaupa jina.
Nauruka tu. Nausalimu.

Siku ya kwanza, mama mmoja, Nyanzala,
mzigo wa kuni kichwani, alinipisha,
kisha akachungulia nyuma yangu, mbali, kwenye giza la miti.
Hakuona kitu.
"Nani anakukimbiza?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Kwetu mtu hakimbii hivi hivi:
kuna mwizi, kuna moto,
kuna mtoto amebanwa kifua,
kuna mtumbwi ulitoka jana na haujarudi.
Mbio zisizo na habari ni za ndama.

Kila asubuhi aliuliza, nami kila asubuhi
nilikimbia na swali lake kama kokoto ndani ya kiatu.
Sukari? Lakini hainikimbizi, naibeba.
Uzee? Huo uko mbele, umekaa kwenye kona, unapiga mswaki.
Au ni Magesa, kaka yangu,
aliyenishinda kila siku kutoka shule hadi nyumbani,
ambaye ziwa lilimchukua likabaki na kandambili zake?
Hapana. Magesa hayuko nyuma.
Yuko hatua tatu mbele, peku,
majani aliyoyapangusa bado yanatikisika.

Jana nilimkuta Nyanzala ametua mzigo kando ya mkuyu.
Alitazama huku, akatazama kule,
akapandisha kanga hadi magotini
na akakimbia.
Hatua kumi, pengine kumi na mbili,
visigino vyeupe kwa vumbi, kilemba kikifunguka,
akicheka kama mtu aliyeiba sukari guru.
Akarudi akijishika mbavu.
"Kumbe," alisema,
kisha hakusema kumbe nini.

"Nitwike, mwanangu."
Nikainama, nikashika kuni.
Mimi napima dagaa mwaloni mwaka wa kumi na tisa huu,
mikono yangu haihitaji mizani:
kilo thelathini na mbili, na umande wake.
Aliondoka wima, hakuyumba,
wala Mkwe hakumfanya ainame.

Nikateremka hadi miti inapokwisha ghafla
na mawe makubwa yanaingia ziwani kuoga.
Usubi ulikuwa umepanda juu ya maji, wingu jeusi lililosimama wima;
nilimeza watatu, nikatema wawili.
Mnandi juu ya jiwe alikausha mabawa,
hana habari na mtu.

Kivuko kikapiga honi.
Dagaa wa Ilugwa walikuwa wananisubiri,
na mimi jasho linanitiririka,
na njia yote ya kurudi ni ya kupanda.