Uvumilivu

Asistanti Mwilambwe ameandika ubaoni:
kipenyo, milimita ishirini;
uvumilivu, sehemu mbili za mia, juu au chini.
Kisha akapangusa chaki kwenye suruali.

Mashine ya kukereza ni moja, sisi thelathini na mmoja.
Zamu yangu imeangukia saa tisa,
saa ambayo umeme wa Katuba huwa umeshaaga.
Leo umebaki. Sijui kwa nini.

Chuma kinazunguka, kisu kinauma,
nyuzi za buluu zinajikunja zikiwa moto,
zinaanguka juu ya viatu vya kaka yangu.
Nasimamisha. Napima.
Ishirini, nukta sifuri tano.
Napunguza unywele.
Kumi na tisa, nukta tisa saba.

Chuma kilicholiwa hakirudi.

Nyumbani mama anapima makala kwa ndoo iliyobonyea,
anaongeza kiganja juu, bila kuangalia.
Ndoo hiyo ndiyo iliyolipa muhula huu.

Nimempa kile kipande, azuilie noti zisipeperuke.
Amekigeuza, vidole vyeusi.
"Kimenyooka," anasema, "hakina kasoro."
Nikainamia ndoo, nikamsaidia kujaza.