Muda wa Kuweka

Akiba haiozi, husema watu.
Hawajaiona diski iliyolala miaka mitatu Shimanzi,
chumvi imeingia hadi kwenye skrubu.
Ukiichomeka inatoa mlio wa kuku aliyekabwa,
kisha kimya.

Kwa hivyo leo sitaki methali, nataka tarakimu.
Ijumaa, saa nne kasoro. Kipoza hewa kinadondosha maji ndooni
na mbele yangu jedwali:
nakala za kila siku, tuweke ngapi? Za wiki?
Za mwezi, za mwaka?
Bwana Shatry anataka kusaini kabla hajaenda msikitini.

Yeye, mwenye mali, alisema: weka zote, milele.
Nikamwonyesha bei ya milele.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
na milele ikashuka hadi mwaka mmoja na nusu.

Bi Mwakio wa sheria hautaki hata huo.
"Umazi, ulichokiweka kitaitwa kortini.
Usichokuwa nacho hakina ulimi."
Huongea taratibu, kama anayechambua mchele,
na kila chuya anayoitupa ni barua ya mtu.

Mimi naukumbuka mwaka wa kirusi.
Kiliingia na ankara ya uongo ya matairi,
kikalala ndani siku arobaini bila kukohoa,
nasi kila usiku tunanakili, tunanakili,
tunajisifu.
Kilipoamka tulikuwa na nakala thelathini,
zote thelathini za ugonjwa ule ule.
Kilichotuokoa ni diski ya miezi mitatu nyuma
niliyoisahau kwa mama, Likoni,
kwenye droo ya cherehani, kati ya bobini na vifungo.
Nilipewa barua ya onyo kwa kuisahau.
Nilipewa bahasha pia. Siku moja, mkono ule ule.

Tangu hapo ni kazi rasmi: kila Ijumaa jioni
naifunga diski kwenye leso, naitia kikapuni,
juu yake mchicha na mkate wa mofa,
navuka feri.
Mbuzi wa mtu ananusa kikapu.
Hajui ananusa mishahara ya watu mia mbili na sita.

Basi naandika.
Kila siku: kumi na nne.
Kila wiki: tisa, maana ile arobaini nimeitia chumvi.
Kila mwezi: kumi na nane, milele ya Bwana Shatry.
Picha za kamera ya getini: siku thelathini, zifutike,
nani atataka kuona lori likirudi nyuma?
Barua pepe: miaka miwili. Bi Mwakio ashinde.

Imebaki mishahara.

Januari alikuja Ndoro Chigamba, kibarua wa zamani wa ghala la pili,
bega moja limeshuka kuliko lenzake.
Alitaka karatasi tu, ya kusema alibeba magunia hapa
miaka mitano, akikatwa pesa za uzeeni.
Nikaandika jina lake. Hakuna.
Nikaligeuza, la baba likatangulia. Hakuna.
Tulikuwa tumefuta mwaka uliopita, kwa utaratibu,
kupisha picha za sherehe ya kufunga mwaka.
Mimi ndiye niliyebonyeza.
Hakukasirika. Aliinamia skrini,
akauliza, "Sasa mimi nilikuwa wapi?"

Kwenye kisanduku cha mishahara naandika: maisha ya mtu.
Kinageuka chekundu. Kinataka nambari.
Naandika: mpaka wajukuu wachoke kuuliza.
Chekundu.
Nafuta. Naandika 60.
Kinakubali hapo hapo, hakishtuki,
kana kwamba miaka sitini ni kitu cha kuahidi ukiwa umekaa.

Najua. Hata waya wa kuichomekea hautakuwapo.
Kwa hiyo pembeni, kwenye safu ya maelezo isiyosomwa na mtu,
naongeza: zihamishiwe diski mpya kila mwaka wa tatu.
Na zichapwe. Wino, karatasi, kabati la chuma,
jina la mtu, na jina la baba yake.

Bwana Shatry anasaini amesimama, kofia kichwani tayari.
Safu ya maelezo haitazami.
Nachukua leso yangu nyuma ya kiti, naikung'uta.