Sawa Kidogo

Ukifika Birere ukiulizia nyumba yangu
watakuambia: panda, pita pale palipokuwa na famasi,
usifike kwenye kona. Ukiiona kona, umenipita.
Mgeni hucheka. Mgeni huzunguka mara mbili.
Famasi ilikwenda na moto wa mlima,
nami nilikuwa darasa la tatu.
Lakini sisi twafika hata umeme ukikatika,
maana duka lile lingalipo, tunalikanyaga,
lipo chini ya mawe meusi, mita mbili au tatu.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu haitaki hivi hivi.
Utepe wangu umefutika toka moja hadi tisa;
nashika kwenye kumi, napima, kisha kumi naitoa.
Nabintu wa benki alileta kitenge cha arusi:
"Kisinibane, mama, wala kisinipwaye,
kiwe cha kawaida, lakini watu wanione."
Inua mikono, nikamwambia.
Nikaandika ukutani kwa chaki:
kiuno themanini na nne, bega arobaini na moja.
Kawaida haina sentimita, dada.
"Lini?" akauliza.
Kesho, nikajibu.
Kesho yangu ina siku sita, na hilo analijua.

Mumbere, mume wangu, alipanda lori la maharage.
"Naenda huku juu, narudi karibuni."
Huku juu: kidole kikaonyesha Sake, milima, mawingu.
Karibuni: mtoto ameng'oka jino, lingine limeota.

Simu ikilia nahoji kama polisi.
— Kuko aje?
— Kuko sawa.
— Sawa namna gani?
— Sawa kidogo.
— Umekula?
— Tunajaribu.
— Na mvua?
— Inanyesha mbali.
Mvua hiyo, hata kitindamimba wetu anajua,
haina maji.

Siku moja nikapandisha hasira:
Mumbere, nipe neno moja lenye ukingo,
neno ninaloweza kulipitisha mkasi!
Idadi, rangi, jina la mtu, saa.
Nimechoka kuvaa maneno yako mapana,
naingia mimi, wanaingia watoto, anaingia mama yako,
na bado yanapwaya.
Akanyamaza. Nikasikia kuku upande wake.
Halafu unite zikaisha, sijui zake au zangu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa tisa kasoro dakika nane,
alipiga. Hakusalimu.
"Katungu. Niko shuleni, chumba cha mwisho,
mlango wa kijani, kitasa kimevunjika.
Tuko kumi na wanane.
Mmoja ana mimba, anaitwa Sifa, kwao Kitshanga.
Nimevaa shati la mistari, lile ulilonishonea.
Kifungo cha tatu ni cheusi, vingine vyeupe.
Umesikia? Cha tatu. Cheusi."

Nilikishona mwenyewe kifungo hicho.
Vyeupe viliniishia, nikasema nani atatazama.

Nikakaa kitandani na namba zote mapajani:
kumi na wanane, kijani, tatu.
Zilinikaa sawasawa. Hazikupwaya popote.
Nikamsihi, sauti chini, watoto wasiamke:
Baba watoto, sema tu kuko sawa.
Akasema, "Kuko sawa."
— Sawa kidogo?
— Sawa kidogo.
Nikamshukuru kama mtu aliyepewa blanketi.

Asubuhi nikatia makala kwenye pasi.
Mama mkwe alikuwa mlangoni, kitambaa hakijafungwa vizuri:
"Alipiga. Nilisikia. Anasemaje?"
Ukutani viuno vya watu, mabega ya watu,
kila mtu na hesabu yake kwa chaki.
Yuko sawa kidogo, mama.

Hakuuliza kidogo hicho ni kiasi gani.
Akaenda kwenye gunia la unga, akatoa kopo,
akapima matano, kama kila siku,
akasimama kidogo,
akamimina la sita.